Kama mzunguko wa asidi ya sitriki hutoa ATP mbili tu, hizo nyingine zinatoka wapi?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa uuguzi aliye Langoni, Lamu:

"Asalaam aleikum mwalimu. Daftari langu linasema mzunguko wa asidi ya sitriki ndio kiwanda kikuu cha nishati ya seli. Lakini nikihesabu hatua zote nane napata ATP moja kwa kila duru, yaani mbili kwa glukosi moja. Glaikolisisi, ambayo tunaambiwa ni duni, nayo hutoa mbili. Sasa ukuu wake uko wapi? Tena kitabu kimoja kinasema jumla ni 38, kingine 32, kingine 30. Na la mwisho, usinicheke: nyumbani tunaambiwa maji ya ndimu yanatia nguvu. Kwa kuwa sitriki ndiyo asidi ya ndimu, je, ni kweli?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Hesabu yako ni sahihi. Lililokosea ni daftari. Mzunguko wenyewe hutengeneza ATP, ile sarafu ya nishati ya seli, moja tu kwa duru (katika baadhi ya tishu ni GTP, ambayo thamani yake ni ile ile). Kazi yake hasa ni kuvua elektroni kutoka kwenye mabaki ya chakula na kuwapakia wabebaji. ATP nyingi huzaliwa baadaye, kwenye utando wa ndani wa mitokondria (vile vijumba vya nishati vilivyomo ndani ya seli), wabebaji hao wakishashusha mzigo.

Wewe uko Lamu, huhitaji mfano wa mbali. Mzigo ukishuka gatini hautafika dukani kwa lori. Unatiwa kwenye shogi, punda anaupandisha vichochoroni, anashushiwa, anarudi mtupu kuchukua mwingine. NAD ndiye punda huyo. Akibeba elektroni mbili pamoja na hidrojeni anaitwa NADH, akishashusha anarudi kuwa NAD. FAD naye ni punda, ila huyu hatoki zizini: amefungwa kwenye kimeng'enya chake na anashushiwa papo hapo. Wote wawili hutengenezwa kwa vitamini, NAD kwa niasini (B3) na FAD kwa riboflavini (B2). Tena zingatia hili, maana ndilo litakaloeleza karibu kila hitilafu huko mbele: punda ni wachache. Seli haina NAD mpya kwa kila mzigo, hutumia wale wale maelfu kwa maelfu ya safari. Wakikosa pa kushusha, kazi yote husimama.

Kabla ya mzunguko kuna mlango. Glukosi yenye kaboni sita hukatwa kwenye saitoplazimu, majimaji ya seli yaliyo nje ya mitokondria, ikawa piruvati mbili za kaboni tatu tatu. Huko kukatwa ndiko glaikolisisi. Piruvati ikiingia ndani ya mitokondria inakuta vimeng'enya vitatu vilivyoshikamana kuwa mtambo mmoja, piruvati dihaidrojenesi. Hapo kaboni moja inaondoka kama hewa ukaa, NADH mmoja anapakiwa, na kaboni mbili zilizobaki zinafungwa kwenye koenzaimu A. Kifurushi hicho ndicho asetili-KoA. Mlango huu unafunguka upande mmoja tu. Ndiyo sababu mwili wa binadamu hauwezi kugeuza asidi za mafuta kuwa sukari: mafuta huvunjwa hadi asetili-KoA, na asetili-KoA hairudi kuwa piruvati. Kinachoweza kuwa sukari ni ile gliseroli kidogo iliyomo ndani ya mafuta, basi.

Mtambo huo wa mlangoni unahitaji wasaidizi watano: thiamini (B1), riboflavini, niasini, asidi ya pantotheniki (B5) ambayo ndiyo kiini cha koenzaimu A, na asidi ya lipoiki. Waweke akilini, watarudi.

Sasa kwa nini iwe duru? Kwa nini seli isiichome asetili moja kwa moja? Kwa sababu kaboni mbili zilizoshikana peke yao ni kitu kidogo mno na kigumu kukata. Seremala hawezi kuranda kipande cha ubao kilicho kama kidole mpaka akibane kwenye jiriwa. Oksaloasetati yenye kaboni nne ndiyo jiriwa: asetili inabanwa juu yake, ikapatikana sitrati ya kaboni sita, halafu kazi ya kuvua na kukata inaanza. Mwisho wa duru jiriwa iko tupu tena, ikingoja kipande kingine.

Sitrati yenyewe bado haivuliki. Kundi lake la haidroksili limekaa kwenye kaboni ya katikati isiyo na hidrojeni ya kutoa. Kimeng'enya akonitesi hulihamisha hadi kaboni ya jirani, sitrati ikawa isositrati. Wanafunzi huipita hatua hii kana kwamba ni ya kupoteza wakati, kwa kuwa haitoi ATP wala NADH, lakini bila yake hakuna kinachoendelea. Baadhi ya sumu za panya, zile zenye fluoroasetati, huua hapa hapa: mwili wenyewe huigeuza kuwa fluorositrati, nayo inamkaba akonitesi.

Kisha kuna mikato miwili mfululizo. Isositrati inatoa molekuli ya hewa ukaa na NADH, inabaki alfa-ketoglutarati ya kaboni tano. Hiyo nayo inatoa hewa ukaa nyingine na NADH mwingine, inabaki saksinili-KoA ya kaboni nne. Mtambo wa mkato wa pili ni pacha wa ule wa mlangoni, wenye wasaidizi wale wale watano. Kwa hiyo mtu akikosa thiamini, anazibwa mahali pawili kwa mpigo mmoja.

Hapa kuna mtego ambao watahini huupenda. Kaboni mbili zinazotoka katika duru hii si zile mbili zilizoingia sasa hivi na asetili. Ni za oksaloasetati, zilizokuwemo tangu zamani. Kaboni za mgeni hutoka katika duru zinazofuata.

Saksinili-KoA ikivunjwa inatoa ile GTP au ATP yako moja. Saksinati inayobaki inavuliwa na FAD ikawa fumarati. Kimeng'enya cha hatua hiyo, saksinati dihaidrojenesi, hakielei kwenye majimaji kama wenzake. Kimepandikizwa kwenye utando wa ndani, kwa hiyo mzigo wake unaingia kwenye mnyororo wa elektroni bila safari. Fumarati inaongezwa maji ikawa malati. Malati inavuliwa, NADH wa tatu anapakiwa, na oksaloasetati inarudi.

Hatua hii ya mwisho inastahili kutazamwa mara mbili, kwa sababu kwa vipimo vya kawaida haitaki kwenda mbele. Inadai takriban kilojuli 30 kwa moli. Ukiweka malati na kimeng'enya chake ndani ya chupa, karibu yote itabaki malati. Kinachoivuta ni hatua ya kwanza ya duru inayofuata: kufunguka kwa kifungo cha asetili-KoA hutoa nishati ya kiasi kama hicho, na oksaloasetati hunyakuliwa kila inapotokea. Kwa hiyo kiasi chake ndani ya mitokondria ni kidogo sana siku zote, na jambo hilo lina madhara yake, nitalifikia.

Jumla ya duru moja, basi: NADH tatu, FADH2 moja (yaani FAD aliyekwisha kupakiwa), GTP moja na molekuli mbili za hewa ukaa. Hidrojeni nane za mizigo hiyo si zote zilizotoka kwenye chakula. Asidi ya asetiki (ndiyo ile ya siki ya jikoni) ina hidrojeni nne tu. Nne nyingine, ukisawazisha mlinganyo, ni za molekuli mbili za maji. Tena tafuta oksijeni unayovuta puani katika hatua hizo nane: haimo hata mahali pamoja. Oksijeni iliyo ndani ya hewa ukaa unayotoa haikutoka kwenye pumzi yako. Hiyo ya pumzi huishia kuwa maji, mwisho wa mnyororo.

Mnyororo huo ndio duka ambako punda hushushiwa. Umo ndani ya utando wa ndani, na una vituo vinne. NADH hushushia kituo cha kwanza. Elektroni zake zinapita cha tatu na cha nne, na katika kila kimoja cha hivyo vitatu nishati yao inasukuma protoni (hidrojeni zilizovuliwa elektroni) kuzitoa nje ya utando: nne, nne, kisha mbili, jumla kumi. FADH2 hushushia kituo cha pili, ambacho hakisukumi kitu, kwa hiyo inaambulia sita. Kwenye kituo cha nne oksijeni inazipokea elektroni zilizochoka na kuwa maji. Protoni zilizorundikana nje zinataka kurudi, na njia iliyo wazi ni kupitia kimeng'enya kinachozunguka kama gurudumu, ATP sinthesi. Kila protoni nne hivi zinazorudi, ukijumlisha na gharama ya kuleta fosfati na kutoa ATP nje, zinalipia ATP moja. Wazo hili lilitolewa na mwanabiokemia Mwingereza Peter Mitchell mwaka 1961, na wataalamu wengi walilipinga. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake.

Sasa vitabu vyako havina haja ya kugombana. Kumi kwa nne ni 2.5, kwa hiyo NADH ina thamani ya ATP 2.5. Sita kwa nne ni 1.5, ndiyo FADH2. Duru moja: 7.5 jumlisha 1.5 jumlisha 1, ni 10. Glukosi moja inaendesha duru mbili, ni 20. NADH mbili za mlangoni ni 5. Glaikolisisi inatoa ATP 2 taslimu na NADH mbili, ila NADH hizi zimezaliwa nje ya mitokondria na haziwezi kuvuka utando wa ndani, mzigo unapokezanwa. Ini, moyo na figo hutumia njia ya malati, ambayo haipotezi kitu: 5, jumla 32. Msuli wa mifupa na ubongo hutumia zaidi njia ya gliseroli-fosfati, inayokabidhi mzigo kwa FAD: 3, jumla 30. Kitabu cha 38 ni cha zamani, kilichohesabu NADH kuwa 3 kamili na FADH2 kuwa 2. Kwenye mtihani fuata kitabu kilichoagizwa na mtaala wako, ila ujue kwamba 30 hadi 32 ndiyo hesabu ya sasa.

Na tazama ule ukuu ulioutafuta. Katika hizo 32, ni 4 tu zilizotengenezwa papo kwa papo, mbili za glaikolisisi na mbili za mzunguko. Nyingine 28 ni malipo ya mizigo, na mzunguko ndio uliopakia NADH 6 kati ya 10 na FADH2 zote mbili. Moli moja ya glukosi ikiungua kabisa hutoa takriban kilojuli 2,870. ATP 30 kwa kilojuli 30.5 kila moli ni 915, kama theluthi moja, kwa vipimo vya maabara. Ndani ya seli hai, ambamo ATP ina thamani kubwa zaidi, sehemu inayookolewa ni kubwa kuliko hiyo. Inayobaki ni joto, ndilo hilo unalolisoma kwenye kipimajoto wodini.

Mtu mzima aliyepumzika hutumia kiasi cha kilo 40 za ATP kwa siku, ilhali akiba iliyomo mwilini haizidi robo kilo. Hiyo robo kilo inajazwa upya mchana kutwa. Mzunguko nao unaongezwa na kupunguzwa kasi: ATP na NADH zikiwa tele vimeng'enya vyake hupoa, ADP (ATP iliyokwisha kutumika) ikipanda huamka. Katika msuli, kalsiamu ile ile inayoamuru msuli ukaze ndiyo inayochochea mlango na mikato miwili ya hewa ukaa. Amri moja, matokeo mawili.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, siku jodari anapokatwa sokoni tazama ule ukanda wa nyama nyekundu iliyokolea ubavuni. Huo ndio msuli wa kuogelea kutwa nzima bila kuchoka, umejaa mitokondria na damu. Changu hana ukanda kama huo wa maana. Msuli wake mweupe ni wa mruko wa ghafla, unaotegemea zaidi glaikolisisi. Hans Krebs, ambaye mzunguko huu huitwa pia kwa jina lake, na mwanafunzi wake William Johnson walichagua msuli wa majaribio yao kwa hoja hiyo hiyo huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1937. Walisaga msuli wa kifua cha njiwa, msuli wa kurukia unaokula oksijeni kwa pupa, wakapima oksijeni iliyoliwa walipoongeza sitrati na asidi nyingine. Jarida la Nature halikuchapisha barua yao. Ikatoka kwenye jarida la Enzymologia. Nobel ikamfikia Krebs mwaka 1953.

Sasa hitilafu, kwa kuwa wewe utazikuta kitandani.

Ya kwanza ni oksijeni kutofika, kama kwenye mshtuko, damu isipozifikia tishu vya kutosha. Mnyororo unasimama, NADH wanajazana na mizigo mgongoni, NAD mtupu anaadimika, mzunguko unazima ingawa chakula kipo. Seli inabaki na glaikolisisi, na ili glaikolisisi ipate NAD wa kutumia, piruvati inabebeshwa mzigo ikawa laktati. Ndiyo maana laktati hupimwa kwa mgonjwa mahututi. Chembe nyekundu za damu huishi hivyo siku zote, kwa sababu hazina mitokondria.

Ya pili ni oksijeni kufika isitumike. Sianidi hukaba kituo cha nne. Huku pwani chanzo cha kukumbuka ni mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. Kuimenya, kuikatakata, kuiloweka siku kadhaa na kuianika hufungua njia sumu itoke, na kuichemsha haraka haraka hakutoshi. Moshi wa magodoro na plastiki zinazoungua nao una sianidi. Kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni nzuri na mgonjwa anakufa, kwa kuwa damu imebeba lakini tishu hazipokei. Hata damu ya vena hubaki nyekundu ya kung'aa, na laktati iko juu.

Ya tatu ni thiamini. Mchele ukikobolewa ukawa mweupe pe, thiamini nyingi inaondoka na pumba. Anayekula wali na kunde au mbaazi hana shida. Wa kumhofia ni anayekunywa mnazi sana na kula kidogo, mwenye kutapika kwa wiki, au aliyedhoofu kwa njaa. Huyo ukimwekea dripu ya dekstrosi peke yake, unamwaga mzigo mbele ya mlango uliofungwa: piruvati inageuka laktati, na thiamini kidogo iliyobaki inamalizika. Ubongo ndio unaoumia kwanza, macho yanacheza, mwendo unayumba, akili inachanganyikiwa. Thiamini hutolewa kabla ya dekstrosi au pamoja nayo. Ila sukari ikiwa imeshuka vibaya, usiicheleweshe dekstrosi kwa kungoja thiamini.

Ya nne ni ile jiriwa. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini, mafuta yanavunjwa kwa wingi na asetili-KoA inafurika ndani ya ini, huku oksaloasetati, ambayo ni haba tangu mwanzo, ikitolewa kwenda kutengeneza sukari. Asetili isiyo na pa kubanwa inageuzwa ketoni, damu inakuwa na asidi, pumzi inanukia kama tunda lililoiva mno. Mfungaji wa Ramadhani mwenye afya huongeza ketoni kidogo tu kabla ya futari. Insulini yake ipo, inashika breki.

Tumebakiwa na ndimu. Sikucheki. Sitrati ya ndimu ni molekuli ile ile, na mwili huinyonya na kuiunguza. Lakini ndimu yenye mililita 20 za maji ina takriban gramu moja ya asidi ya sitriki, na gramu moja hutoa kalori tatu hivi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kumi na sita. Isitoshe, mzunguko hauendi kasi kwa kuongezewa sitrati, kwa kuwa kinachouendesha ni mahitaji ya ATP. Nguvu anayoihisi mtu akinywa maji ya ndimu yenye chumvi na sukari baada ya jua kali ni ya maji, chumvi na sukari.

Wodini utakutana na sitrati kwa sura nyingine kabisa. Ndiyo inayozuia damu ya mfuko isigande, kwa kuishika kalsiamu. Imo pia kwenye kichupa chenye kifuniko cha buluu, sehemu moja ya sitrati kwa sehemu tisa za damu. Ukikijaza nusu, sitrati inazidi na kipimo cha kuganda kinatoka kirefu kwa uongo, kwa hiyo kijaze hadi alama. Anayeongezewa mfuko mmoja au miwili taratibu, ini lake linaiingiza sitrati hiyo kwenye mzunguko wa Krebs na kuimaliza. Anayemiminiwa mifuko mingi kwa haraka, au mwenye ini bovu, sitrati inampita kasi na kalsiamu ya damu inashuka. Muulize kama midomo na ncha za vidole zinamfanya ganzi, tazama misuli inayokakamaa na shinikizo la damu, na mwite daktari kabla ya kufungua mfuko unaofuata.